Mbwa Aliyejua Kidigo

Wanaume waliporudi makaburini walizunguka nyuma ya nyumba kunawa, na kwa kuwa bomba lilikuwa limekauka kama kawaida yake, mimi ndiye niliyesimama na ndoo na kopo nikiwamiminia mmoja mmoja. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Udongo mwekundu ulikuwa umewaganda mikononi na kwenye pindo za kanzu, na kila nilipomimina maji harufu yake ilinipanda puani. Mazishi yenyewe hayakunitoa chozi. Harufu ile ndiyo iliyonitoa, hata mtu mmoja akanipa pole akidhani namlilia marehemu.

Tulikuwa tumemzika ami yangu, mdogo wake baba, na msiba ulikuwa katika nyumba ile ile ya Usagara, hapa Tanga, nilimozaliwa. Mzee mmoja, akijipangusa mikono, alisema marehemu alikuwa mtu wa tahara, na kwamba katika maisha yake hajapata kuona mtu anayejichunga na najisi kama yule. Wenzake wakaitikia kwamba ni kweli, Mola amrehemu. Mimi nikaendelea kumimina maji, maana msibani mtu hasemi. Lakini tahara ya ami yangu naijua kuliko wao wote. Niliiona kwa macho yangu nikiwa mtoto ambaye hajang'oa meno ya mbele.

Nyumba ile ilikuwa ya bibi yangu mzaa baba. Watu wake walitoka Omani zamani sana, na walichobaki nacho cha huko ni jina la ukoo, buhuri ya Ijumaa, na imani kwamba watu wengine wote wa pwani hii walifika juzi. Mama yangu ni Mdigo, wa kijiji kimoja kabla hujafika Horohoro. Baba alimwoa kwa kumpenda. Bibi alimpokea kwa adabu, ile adabu ya kumpa mtu kiti na kumkumbusha kila siku kwamba ni cha kuazima. Hakumpiga, hakumtukana. Siku alipoingia alimwambia jambo moja tu, kwamba nyumbani humo husemwa Kiswahili, na Kiarabu kwa ajili ya Mola, na kwamba Kidigo chake akiache mlangoni na viatu vyake. Mama akakiacha. Nimezaliwa, nimenyonya, nimejifunza kusema, na sikuwahi kumsikia akitamka neno la kwao mpaka alipokuja mbwa.

Mbwa alikuja kwa sababu ya wezi. Walikuwa wameruka ukuta wa majirani zetu mara kadhaa, na nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na ghala ambamo baba aliweka bidhaa za duka lake, na Bibi aliweka kasha lake. Kasha lile lilikuwa na vitambaa vyake vya zamani, sanda yake aliyojinunulia mwenyewe, na vikuku vya dhahabu alivyopewa na mama yake. Baba akasema tupate mbwa. Bibi akasema malaika hawaingii penye mbwa. Baba akamweleza kwamba mbwa wa ulinzi ameruhusiwa, wanavyuoni wamesema, na wakabishana hivyo mwezi mzima mpaka jirani mwingine akaibiwa. Hapo Bibi akakubali kwa masharti yake. Mbwa asivuke mlango wa jikoni, afungwe mbele ya ghala, na asiguswe na mtu yeyote wa nyumba ila mama yangu, kwa kuwa, alisema Bibi, kwao wameshazoea kulala na mbwa.

Si kweli kwamba kwao hulala na mbwa. Wana mbwa wa shamba, wa kufukuza nguruwe na ngedere kwenye mihogo, na kaka yake mama, Mjomba Bakari, alikuwa nao wazuri. Alimleta mmoja ndani ya gari la mihogo, amefungwa kamba ya katani shingoni. Alikuwa wa rangi ya majivu, sikio moja limechanwa na nguruwe, na jina lake Siulizwi. Mjomba alikuwa na ugomvi wa mpaka na jirani yake, na wazee walikuwa wameukata mpaka ule bila kumwuliza yeye. Basi akampa mbwa jina hilo ili kila jioni akimwita, jirani asikie. Watu wa kwao husemana hivyo.

Kwetu, mbwa akikulamba au ukamgusa kwa majimaji, unaosha mara saba, na moja kati ya hizo kwa udongo. Kwa hiyo kila jioni, baada ya kumlisha Siulizwi, mama alichutama chini ya mpera, akachota udongo kwa vidole, akausugua mikononi mpaka viganja vikawa vyekundu, akasuuza na kusuuza tena. Ndipo aliporuhusiwa kushika sufuria. Alikuja kunilaza na mikono yake ikinukia udongo uliolowa, na mimi nililala fofofo kwa harufu ile. Watoto wengine wana harufu ya maziwa ya mama zao. Mimi nina hiyo.

Siku ya kwanza baba alitoka kumjaribu mbwa wake mbele yetu sote. Alisimama ameshika kiuno akamwambia njoo. Mbwa akatazama ukuta. Akamwambia kaa, akamwambia simama, akapaza sauti, akapiga makofi. Siulizwi akapiga miayo. Bibi, ambaye alikuwa akitazama kutoka mlango wa jikoni akiwa amejifunika pua, alifurahi hadharani, akasema gari zima la mihogo limetuletea kiziwi. Mama alikuwa akipita na ukoko wa ugali kwenye sahani. Nadhani hakufikiri. Alisema taratibu, kama mtu anayejisemea, “Ndzo.”

Mbwa akainuka na kumjia. Mama akasema, “Sagala,” na mbwa akakaa kitako, akamtazama usoni kwa utiifu ambao hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kumwonyesha mama yangu. Mtu asiyejua atasema njoo na ndzo ni kitu kimoja. Siulizwi hakuona hivyo. Kisha Bibi akasema basi, huyo ni wa kwake huyo, azungumze naye atakavyo, na akaingia ndani.

Ndivyo mama yangu alivyopata ruhusa ya kusema lugha yake, kwa mbwa.

Nami nikaelewa kadiri ya akili yangu. Nilijua Kiswahili ni cha watu, Kiarabu ni cha Mungu, na Kikachi ni cha Wahindi wa nyumba ya pili, ambao mama yao aliwagombeza wajukuu ng'ambo ya ukuta kutwa nzima. Nikahesabu kwamba Kidigo ni lugha ya mbwa. Niliona fahari kwamba mama ameisomea. Jioni alikaa naye kwenye ngazi ya ghala akamwambia maneno mengi, mengine marefu, mengine ya kucheka, mengine ya sauti ya chini kabisa akiwa amegeuka upande, na mimi nikadhani mbwa ana maagizo mengi ya kupewa. Mjomba Bakari alipokuja kututembelea, wao wawili walijitenga huko nyuma wakisemezana lugha hiyo hiyo, nami nikaamini wanashauriana juu ya mbwa. Hata siku niliyomwona mama akijifuta macho kwa upande wa kanga, nilidhani mbwa anaumwa.

Mwanangu wa kiume husoma kila kitu kwenye simu. Majuzi alinisomea kwamba kuna watu wamewapima mbwa wakaona hutofautisha lugha waliyoizoea na lugha ngeni, hata kama maneno yenyewe hawayaelewi. Aliona ajabu. Nilimwambia wangeniuliza mimi wasingejisumbua. Siulizwi alimsikiliza mama wa Kihindi ng'ambo ya ukuta ameinua sikio lake zima, kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari ya nchi nyingine. Bibi aliposoma Yasini alilala. Mgeni akisema Kiswahili karibu na ghala, alivuta mnyororo mpaka mate yakamtoka. Lakini muuza madafu aliyepita njia ya nyuma, ambaye alikuwa Mdigo na aliimba kwa lugha yake akisukuma baiskeli, alimkatiza mbwa katikati ya kubweka. Mbwa hakuwa amemwona hata siku moja. Aliisikia lugha tu, mkia ukaanza kupiga vumbi.

Wote nyumbani tulilijua hilo. Tulilicheka. Baba aliwahadithia wateja wake dukani.

Ami alikuwa akicheka kuliko sote. Alikuwa kijana mzuri, kitinda mimba wa Bibi, amenyooka kanzu na ndevu, ananukia udi mita kumi kabla hajafika, na daima alikuwa na biashara inayotaka kuanza wiki ijayo. Hakukosa swala. Akipita nyuma ya nyumba aliikusanya kanzu yake mpaka magotini, na mbwa alimbwekea kila siku, miezi nenda miezi rudi, maana alikuwa amempiga teke siku za mwanzo na mbwa hasahau. Kisha nikaanza kumwona amesimama mbele ya ghala saa za mchana, mama akiwa sokoni, ana kipande cha nyama mkononi, anasema maneno. Alisema ndzo vibaya. Alilisema kama Kiswahili, kwa mdomo mzito, na mbwa akamngurumia. Siku nyingine akajaribu tena. Alikuwa na subira ambayo sikuwahi kuiona kwake katika kazi yoyote. Mwishowe alisema nyamala, ambalo ndilo neno mama alilotumia kumnyamazisha mbwa akizidi kelele, na mbwa akanyamaza, akakaa, akala nyama yake.

Sijui kama naweza kueleza furaha niliyoipata. Nilidhani Ami anajifunza kwa ajili ya mama. Niliona namna wanavyokaa mezani, Bibi na wanawe wakizungumza mambo yao ya ukoo na mama akipakua, na nikawaza kwamba hivi karibuni Ami atageuka amwambie mama jambo kwa lugha ile, na mama atacheka kama anavyocheka kwenye ngazi ya ghala. Nilingoja siku hiyo. Nilimtazama Ami kila wakati wa chakula, na yeye akaniuliza nina nini, mbona namkodolea macho.

Ikaja Ijumaa moja. Baba alikuwa ametangulia msikitini, Bibi amekwenda Mabawa kwenye akika, mama yuko jikoni, mimi nimekaa kizingitini nachambua mchele. Ami alitokea upande wa ghala, na nilichokiona kwanza ni kwamba mbwa hakubweka. Aliingia jikoni, akatoka akaenda kuchutama chini ya mpera, mahali pale pale pa mama, ana kopo la maji. Akachota udongo, akausugua mkono wa kulia, kiganja, katikati ya vidole, mpaka kwenye kifundo. Akasuuza, akasuuza tena, akainusa mikono, akasuuza. Mkono mtupu haulambwi, na wake haukuwa mtupu. Mbwa alikuwa amemlamba, naye alikuwa akielekea kwenye swala ya Ijumaa, na kusali na najisi hakuweza. Alipita karibu yangu ananukia udi na udongo, akanishika kichwa kwa ule mkono mwingine. Nikawaza, sasa wamekuwa marafiki kweli.

Siku chache baadaye Bibi alitaka vikuku vyake kwa ajili ya harusi. Kasha halikuwa na kufuli. Tangu mbwa afike aliacha kulifunga, kwani ni nani angemkaribia yule mnyama. Vitambaa vilikuwepo, sanda ilikuwepo. Vikuku havikuwepo.

Bibi hakupiga kelele. Alikaa juu ya kasha akafikiri, na alipomaliza alisema jambo moja, kwamba mbwa hakubweka. Juma zima hakubweka isipokuwa kwa watoa taka. Na huyu mbwa, sote tunajua, huwanyamazia watu wa aina moja tu. Mjomba Bakari alikuwa amekuja Alhamisi ya juma hilo na nazi na mihogo, akakaa nyuma na dada yake mpaka karibu na magharibi, akaondoka. Hapakuwa na la zaidi. Wizi ukawa umepata kabila.

Ili haki itendeke, kama alivyosema Bibi, mbwa alijaribiwa mbele ya mashahidi. Aliwaita majirani wawili watu wazima. Kuli wa dukani kwa baba aliambiwa asogee ghalani akisema Kiswahili, na nusura mbwa amtoe nyama ya paja. Kisha wakamsimamisha muuza madafu njiani, wakamwingiza kwa mlango wa nyuma, wakamwambia aseme chochote kwa lugha ya kwao. Maskini hakujua anatumiwa kwa nini. Alisema maneno mawili matatu kwa aibu, na Siulizwi akalala chini akapiga mkia. Majirani wakatikisa vichwa. Mimi nikapiga makofi. Nilidhani ni sifa. Nilidhani watu wazima wamekusanyika hatimaye kuiona kazi ya mama yangu. Nikakimbilia jikoni kumwambia kwamba wote wamekubali. Mama alikuwa ameshika ubao wa mlango.

Jioni ile nilimwambia Bibi. Watu wanadhani watoto hawasemi, mimi nilisema. Nilikwenda chumbani kwake nikamwambia kwamba Ami naye anajua Kidigo, kwamba mbwa humnyamazia Ami, na kwamba Ijumaa nilimwona akinawa kwa udongo. Nilimweleza kwa furaha, kama mtu anayeongeza sifa juu ya sifa. Bibi alikuwa akihesabu tasbihi, na vidole vyake vikasimama. Halafu akafungua kabati, akakata kipande kikubwa cha halua, kile cha kupewa wageni, akanitia mkononi. “Mtoto mzuri hamsemi ami yake,” aliniambia. “Ulimi humwota vidonda. Kula, na usimwambie mama yako.” Nikala. Tangu nilipopata akili sijaitia halua mdomoni, na Tanga hii huwezi kwenda harusini bila kuulizwa sababu.

Mjomba aliitwa. Alikuja amevaa kanzu yake nzuri, akidhani ni jambo la heri. Alikalishwa mkekani, akasomewa habari ya mbwa, na majirani wakashuhudia. Nilikuwa nyuma ya pazia na nilimwona akiwatazama mmoja mmoja, mwisho akamtazama baba, shemeji yake waliyekula pamoja. “Mbwa mmemwuliza,” alisema. “Mimi mbona hamniulizi?”

Baba alikuwa akitazama mkeka. Bibi akasema hana haja ya kuuliza, anataka tu mnyama wake aondoke naye, na asimwone tena mlangoni kwake. Mjomba akaenda nyuma akafungua mnyororo, akafunga kamba yake ya katani. Akasema, “Ndzo,” na mbwa akamfuata kwa furaha, akitingisha mkia mpaka kwenye kona, hajui anafukuzwa. Mama hakutoka kumuaga kaka yake. Lile ndzo ndilo neno la mwisho la Kidigo nililolisikia katika nyumba ile.

Usiku wake baba alikaa uani peke yake akalia. Nilimwona mabega yakitikisika. Chozi lile nimeliweka maisha yangu yote, nimewasimulia hata wanangu ili wajue babu yao alikuwa mtu wa aina gani. Baba ndiye aliyenibeba kwenye baiskeli kwenda shule, ndiye aliyenifunika nilipougua. Kwa hiyo nilipokua na kuelewa nilichokiona chini ya mpera, niliigawa lawama hivi: Ami aliiba, Bibi alificha, baba hakujua. Laiti angejua, nilijiambia. Bibi alikufa, baba akafuata, na sikuona faida ya kumchimbulia mama kaburi la kaka yake. Nilinyamaza kama nilivyoambiwa, ingawa sababu ilikuwa nyingine.

Ami hakuchelewa kufungua duka la manukato. Siku ya kulifungua Bibi mwenyewe alikaa kitini mlangoni akaliombea dua. Mjomba Bakari kwa upande wake alipata jina jipya. Habari ya mbwa ilisafiri na magari ya mihogo mpaka Horohoro na kurudi, kwa kuwa ni habari tamu, inachekesha, na mtu huisimulia bila kujua amemkata mwenziwe. Aliitwa shemeji wa mbwa. Aliacha kuja mjini. Wanawe walikataliwa posa mara mbili. Alikufa na jina lile.

Kwenye msiba wake mama alikwenda nami. Wanawake wa kwao walimpokea kwa vilio na maneno ya lugha yao, wakamshika, wakamwuliza mambo. Aliwajibu kwa Kiswahili, chote, kuanzia pole hadi kwaheri. Wakasemezana pembeni, kwa Kiswahili ili mama asikie, kwamba Zuhura wao amekuwa Mmanga, Mwarabu wa Omani, amesahau kwao. Hakuwa amesahau, nilimwona akielewa kila neno. Nilidhani ni jeraha la lile jaribio la mbwa, kwamba Bibi aliitia lugha yake najisi mbele ya watu na yeye asingeweza tena kuiosha. Ndivyo nilivyojieleza kwa miaka, na nilijiona nimeelewa sana.

Basi juzi, nilipotoka msibani, nilirudi kwangu Mabawa ninakoishi na mama. Hakwenda kuzika, alisema magoti. Nilimkuta kibarazani anachambua mchicha. Nikampa shikamoo, akaitikia, akauliza kama watu walikuwa wengi. Nilikaa chini karibu naye, na mikono yangu ilikuwa bado inanukia udongo wa wale wanaume. Pengine ndiyo iliyonisemesha. Nilimwambia kwamba wamemsifu marehemu kwa tahara. Kisha nikamwambia yote, ya nyama, ya nyamala, ya mpera, ya halua. Nilimwambia kwamba nilimwona Ami akiuosha mkono wake Ijumaa ile, na kwamba Bibi alijua.

Mama hakuacha kuchambua. Aliendelea na shina moja, na jingine.

“Maji nilimpa mimi,” alisema. “Bomba lilikuwa limekauka. Alikuja jikoni akasema mbwa kamlamba, nikamjazia kopo.”

Nilimwuliza kama alijua tangu siku ile, mbona hakusema, mbona alimwacha kaka yake aondoke vile.

“Nilisema. Nilimwambia baba yako, kabla hata Bakari hajaitwa. Nilimwambia huyu mbwa amelambaje mkono wa mtu aliyekuwa akimbwekea kila siku? Akanisikiliza mpaka mwisho. Hakubisha. Aliona kuwa ni kweli.”

“Akasemaje?”

Mama aliweka ungo chini. Alitazama barabarani, ambako hapakuwa na kitu.

“Aliniambia, ‘Nyamala.’”

Sikuelewa mara moja. Akanisaidia, kwa upole, kama anavyomweleza mjukuu wake hesabu.

“Ndilo neno pekee la kwetu alilopata kunambia, tangu anioe mpaka namzika. Alilisikia nikimwambia mbwa. Basi na mimi nikanyamaza.”

Akauchukua ungo wake. Nilitaka kumwambia kitu, chochote, lakini kwa Kiswahili sikukipata. Na lugha ya mama yangu sikufundishwa, ila maneno matatu, na yote ni ya mbwa.